Mchoro Haujagongwa Mhuri Bado

Mwezi huu barua zenu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza jambo moja: mji unapanda juu, sisi tuliokuwa chini tunabaki wapi? Kwa wasomaji wapya, mimi nilikuwa mchoraji wa ramani za mipango miji kwa miaka 31. Kazi niliianza kwa kalamu ya wino, nikastaafu kompyuta zikiwa zimejaa ofisini. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa Ilala, wa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kushoto na vitatu kulia, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Kwa hiyo barua zenu anazijibu yule mchoraji, na anazijibu pia yule mtoto wa Ilala, na hao wawili hawakubaliani kila siku.

Nimechagua barua nne.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Magomeni kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Vyumba vitatu tunakaa wenyewe, vitatu tumepangisha. Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wa mtaa alipita na taarifa ya mkutano kuhusu mpango wa kuendeleza upya eneo letu. Kaka zangu wawili wanataka tuuze mapema. Dada yangu anasema tusiende kabisa mkutanoni, eti ukishaweka sahihi kwenye karatasi yao umekubali. Na kuna mtu amekuja anataka tuingie naye ubia: abomoe, ajenge ghorofa nane, atupe flati mbili. Nimechanganyikiwa. Tufanye nini? *Mama wa Wanne, Magomeni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na dada yako, kwa sababu hofu yake ina chanzo.

Kuweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio si kukubali mpango. Lakini nimewahi kuona kwa macho yangu, katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, karatasi ya mahudhurio ikibanwa kwenye jalada chini ya maelezo kwamba wananchi wameridhia. Watu walikuja kuuliza maswali, jalada likasema wameridhia. Dawa ya hilo si kubaki nyumbani. Nenda, na kabla hujaandika jina lako soma kichwa cha karatasi. Kama kimeandikwa mahudhurio, andika. Kama hakina kichwa, sema kwa sauti mbele ya watu kiandikwe kwanza. Kesho yake peleka barua yako, ukurasa mmoja tu, kwa mtendaji wa mtaa, na nakala kwa mkurugenzi wa manispaa na kwa diwani. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Maneno ya mkutanoni mwandishi wa kumbukumbu huyafupisha anavyoona yeye, lakini barua iliyopokelewa kwa mhuri huingia kwenye jalada kama ulivyoiandika.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wenye ardhi na wadau wa eneo, na rasimu iwekwe wazi watu waione na kuitolea maoni kabla haijaidhinishwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza mkutanoni liwe hili: mchoro huu umefika hatua gani? Ni rasimu, au umeshaidhinishwa? Wakikujibu kwamba ni rasimu, basi bado mna kazi ya kufanya, kwa sababu mchoro ambao haujagongwa mhuri unafutika.

Najua unavyofutika, maana nilikuwa nikifuta mimi. Zamani tulichora kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Wino ule haufutwi kwa raba, unakwanguliwa kwa wembe. Unaushika wembe kwa vidole viwili, unaulaza kidogo, unakwangua polepole mpaka mstari unageuka vumbi jeusi. Unapuliza, kisha unapasugua kwa ukucha ili wino mpya usitambae. Mwaka mmoja nililetewa mtaa wa zamani niuchore upya. Maelekezo yalikuwa viwanja vidogo viunganishwe viwili viwili vitoshe majengo ya ghorofa. Kati ya viwanja viwili palikuwa na kichochoro, upana wake hata hatua tatu haufiki. Kwenye ramani kilikuwa mistari miwili myembamba, urefu wa kijiti cha kiberiti. Nikaikwangua. Dakika tano hazikuisha.

Mkutano wa wananchi uliitishwa baadaye, mchoro ukiwa umeshasainiwa. Ulitundikwa ukutani kwenye darasa la shule ya msingi, maandishi yote Kiingereza. Bibi mmoja mwenye kanga kichwani alisogea mpaka ukutani. Alianza msikitini, akahesabu nyumba moja moja kwa kidole mpaka akafika pale pale nilipokwangua. Akageuka akauliza, "Jeneza litapita wapi?"

Mwendesha mkutano akamjibu kwamba hoja imepokelewa. Haikuwa imepokelewa, kwa sababu hapakuwa tena na pa kuiweka. Kichochoro kile ndicho kilichotoa maiti za nyumba za ndani kwenda msikitini, juu ya mabega ya watu. Siku nyingine zote watoto walikipita kwenda madrasa, na alfajiri mama wa maandazi alipita humo na beseni lake. Miaka kadhaa baadaye nilikwenda mtaa ule mazikoni. Ukuta wa ghorofa umesimama. Tukazunguka na jeneza kwa barabara kubwa, bodaboda zikitupigia honi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba.

Ndiyo maana nakusihi usisubiri mkutano wa pili. Na mkutanoni msianze kwa kubishana kuhusu urefu wa majengo, kwa sababu hapo mtaonekana watu wa kupinga maendeleo na mazungumzo yatafungwa. Ombeni mchoro usomwe kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa. Kila mwenye nyumba aonyeshwe nyumba yake iko wapi na imepakwa rangi gani, maana kila rangi ina matumizi yake: makazi, biashara, makazi na biashara, eneo la wazi. Kisha ulizeni kuhusu vitu ambavyo ramani haina rangi yake. Vichochoro vinabaki? Pale wazee wanapocheza bao na muuza kahawa anapoweka jiko lake patakuwa nini? Akina mama wa genge wameandikwa mahali popote?

Ulizeni sana kuhusu maji. Nyumba yenu ina karo moja uani, na mvua ikinyesha maji mengi yananywewa na mchanga. Ghorofa nane zenye flati nne kila moja ni kaya 32 kwenye kiwanja kile kile, na ua wote umesakafiwa kwa saruji. Majitaka ya kaya 32 yataingia kwenye bomba gani, lenye upana gani, na nani atalilipia? Maji ya mvua yataelekea wapi? Magomeni mko ukingoni mwa bonde la Msimbazi, na hakuna mkazi wa Dar anayehitaji kuelezwa Jangwani inakuwaje masika. Mtaalamu akikwepa swali hili, liandikeni kwenye barua kwa maneno yale yale mliyomwuliza.

Wapangaji wako watatu nao waende. Najua wenye nyumba wengi hamlipendi hilo. Mpangaji aliyekaa miaka 12 kwenye chumba, mtoto wake anasoma shule ya hapo, naye ni mkazi wa mtaa, na mkutano wa mtaa ni wa wakazi. Isitoshe, mkiwa pamoja sauti yenu inasikika zaidi.

Sasa ubia. Kaka zako wasiuze kwa pupa: tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016, kiwanja kilicho karibu na Barabara ya Morogoro hakijakosa wa kukitaka, na dalali anayewaambia bei itashuka ana faida yake katika haraka yenu. Lakini hata kabla ya hapo, je, mirathi imefungwa? Kama hati au leseni ya makazi bado ina jina la marehemu, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kusaini chochote na mtu yeyote. Msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani kwanza.

Mkishalimaliza hilo, "flati mbili" si makubaliano. Flati za mita za mraba ngapi? Ghorofa ya ngapi? Nani anachukua fremu za chini? Fremu za chini ndizo zenye fedha, na mara nyingi mwenye kiwanja ndiye anayepelekwa ghorofa ya saba isiyo na lifti. Wakati wa ujenzi mtakaa wapi na kodi atalipa nani? Akiishia ghorofa ya nne fedha zikamwishia? Kuna sheria ya mwaka 2008 inayowezesha kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Mkataba useme wazi kwamba hati za sehemu zenu zitatoka kwa majina yenu, na lini. Mlipeni wakili wenu wenyewe aandike hayo. Wakili anayelipwa na mwekezaji ni wa mwekezaji.

Na muulizane ndani ya familia: je, hamwezi kujenga wenyewe, ghorofa moja kwanza, baadaye ya pili? Ni polepole, lakini ua unabaki wenu.

Wewe uko Magomeni, kwa hiyo mfano mzuri uko mlangoni kwako. Wakazi wa Magomeni Kota walibomolewa nyumba zao wakaahidiwa kurudi. Wengi walidhani ahadi imekufa, maana miaka ilipita uwanja ukiwa majani. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikwenda pale akaahidi nyumba zijengwe kwa ajili yao, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua, kwa kaya 644 zile zile. Kwangu jambo kubwa pale ni hiyo 644. Waliokuwa na haki ya kurudi walijulikana kwa idadi na kwa majina, na orodha haikupotea. Basi mkutano wenu uanze na orodha. Daftari moja, kila nyumba, kila kaya, mwenye nyumba na mpangaji, simu zao, na picha ya nyumba kwa mbele. Lifanyeni wiki hii.

SWALI: Mzee, nakusoma kila mwezi na nakuheshimu, lakini mnatuumiza. Nina miaka 27, nafanya kazi Posta, napanga chumba Chanika kwa sababu mjini hapapangiki. Natoka saa kumi na nusu alfajiri. Huko katikati kuna nyumba za bati lenye kutu zinakaa watu kumi kwenye ardhi ambayo wangeweza kukaa watu mia moja, na mnasema tuzitunze kwa ajili ya bao na kahawa. Mji wa watu zaidi ya milioni tano utaendeshwa na baraza za wazee mpaka lini? *Kijana wa Chanika*

JIBU: Mwanangu, sehemu kubwa ya barua yako ni kweli, na sitaki kuizunguka.

Sensa ya 2002 ilihesabu Dar es Salaam watu 2,497,940. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka 20 mji umeongezeka zaidi ya mara mbili, na ukubwa huo wote tuliusukuma pembeni. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima Bunju, Mbweni, Toangoma, Buyuni na kwingineko, mbali kabisa na kazi za watu. Sisi wapangaji wa mji tulifurahia kupima kwa sababu pori halina mtu wa kukuuliza jeneza litapita wapi. Gharama ya furaha ile unailipa wewe kila siku saa kumi na nusu alfajiri. Hilo nalikubali kwa moyo wangu wote, na atakayesema ghorofa zisijengwe katikati ya mji atakuwa anakufukuza wewe na wenzako.

Ninachokupinga ni kimoja. Unadhani kwamba nyumba ya bati ikiondoka, chumba kitakachokuja kitakuwa chako.

Nenda Kariakoo jioni, maduka yakifungwa, ukatazame juu. Nimeijua Kariakoo ilipokuwa nyumba za chini zenye baraza, soko lenyewe likiwa bado jipya, lile lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli katika miaka ya 1970, lenye nguzo za zege zilizofunguka juu kama miavuli. Nyumba zile karibu zote zimekwisha, yamekuja majengo ya ghorofa nane, kumi, na zaidi. Sasa hesabu madirisha yenye taa na nguo za kuanikwa. Sakafu nyingi zilizojengwa ziwe makazi zimejaa mabelo ya nguo na maboksi ya viatu, kwa sababu stoo inalipa kuliko familia. Ardhi iliyokuwa na watu kumi haikupata watu mia. Ilipata mizigo, na wale kumi wakaenda Chanika kuwa jirani zako.

Sasa linganisha na Sinza. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa katika miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: viwanja, barabara na maji, kisha mtu ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Nenda Sinza leo. Mwenye nyumba ya chini amejenga vyumba vya uani, kisha fremu mbele, kisha ghorofa moja juu, sasa ya pili. Watu wameongezeka mara nyingi, na wenye viwanja wengi bado wapo pale pale au watoto wao wapo. Sinza ina kero zake, ya baa na muziki wa usiku kucha peke yake ingejaza safu hii, lakini mji ulipanda juu bila wenyeji kufagiliwa.

Kwa hiyo tukutane hapa, wewe na mimi. Ghorofa zijengwe, na mpango useme sakafu ngapi ni za kulala watu, na manispaa iende kukagua baada ya mwaka mmoja kama kweli wanalala watu. Useme vyumba vidogo vya kodi ndogo vitakuwa vingapi. Haya hayatasemwa na mwekezaji, na wazee wa baraza hawatayakumbuka. Utayasema wewe. Mpango wa mtaa wa Ilala au Magomeni unamhusu pia kijana wa Chanika anayetaka kuishi hapo, na sijaona hata mkutano mmoja ambao vijana wapangaji walikuja wakakaa mbele. Mikutano mingi huitishwa siku za kazi saa nne asubuhi, ukiwa Posta. Andika barua udai mkutano wa Jumamosi alasiri. Nitakuunga mkono kwa jina langu.

Na usiwadharau wanaouliza maswali kuhusu majengo. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa katikati ya mji lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, tukazika tena zaidi ya watu 20. Jirani anayeuliza kibali kiko wapi na shimo linachimbwa kina gani anamlinda mtu atakayekuwa ndani.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Mji Mkongwe una mamlaka yake, una wageni, una misaada, mtu hawezi kubadilisha hata mlango bila ruhusa. Sisi ng'ambo ya pili ikibomolewa mitaa mizima hakuna anayelia. Hivi historia ni ya mawe tu? *Mkereketwa wa Ng'ambo*

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Swali lako limenigusa kuliko yote.

Mji Mkongwe uliundiwa mamlaka ya hifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni sawa, unastahili, na hata kwa ulinzi wote huo lile jumba la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, mahali walipoishi walio wengi, watu wa kazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ndiko yalikojengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na mitaa ya zamani ikakatwa katikati kuyapisha. Wapo waliofurahi kupata bomba na umeme ndani. Wapo waliopoteza jirani wa miaka 40. Mara nyingi alikuwa mtu yule yule mmoja.

Huku kwetu Dar tuna kosa kama lenu. Boma la Kale la mwaka 1867 limehifadhiwa, na makanisa ya Wajerumani bado yanang'aa pale baharini, lakini nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambayo imelea nusu ya mji huu, haina mtetezi. Ukiitaka nyumba ya kawaida ya uswahilini iliyotunzwa, nenda Magomeni kwenye ile aliyoishi Mwalimu Nyerere, na hiyo imetunzwa kwa ajili ya mwenyewe aliyeishi humo.

Lakini nyinyi mna jambo ambalo sisi hatuna. Katika miaka ya 2010 Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, ilifanya kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kabla ya kuchora, walipita mitaani kuuliza wakazi ni wapi pana maana kwao, na hayo wakayaweka kwenye ramani. Maishani mwangu nimechora mamia ya ramani, na sikuwahi kuagizwa kuchora baraza hata moja. Wao walianzia huko.

Kwa hiyo ng'ambo yenu imeshaandikwa. Mpango mpya ukija Kwahani, Miembeni, Raha Leo, popote, mwende kwa sheha na ramani ile mkononi muulize: mlichokiandika kwa vinywa vyetu kiko wapi kwenye mchoro huu? Kuomba kila nyumba ibaki ilivyo hakutawasaidia, udongo na miti vina umri wake. Ombeni njia zibaki mahali pake na majina yake, baraza ziwepo mbele ya nyumba mpya, na aliyekuwa mtaani arudi mtaani.

SWALI: Mtaani kwetu Tabata kuna uwanja ambao watoto wamecheza mpira tangu tulipohamia. Jumapili tumeamka umezungushiwa mabati. Mlinzi anasema bosi wake ana karatasi. Mwenyekiti wa mtaa hapokei simu. Tuanzie wapi? *Baba Mchezaji, Tabata*

JIBU: Muanzie kwenye mabati yenyewe, leo. Pigeni picha pande zote nne, na picha moja itokee mbali ionyeshe nyumba za jirani, ili pasiwe na mabishano baadaye ni uwanja upi. Andikeni tarehe. Msing'oe bati hata moja. Mkiling'oa, kesi itahama kutoka kwenye uwanja itakuwa ya uharibifu wa mali, na mtakaoshitakiwa ni nyinyi.

Kesho asubuhi watu watatu, si umati, mwende ofisi ya ardhi na mipango miji ya manispaa mkaombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Kila mchoro una namba na tarehe ya kuidhinishwa. Mtafute uwanja wenu mwone umeandikwa nini. Kama ni eneo la wazi au la michezo, basi hata kama bosi ana karatasi, swali ni nani alibadilisha matumizi na lini, na kama majirani mliulizwa, kwa sababu mabadiliko ya matumizi yana utaratibu wake na majirani wana nafasi ndani yake. Ombeni kuona pia kibali cha ujenzi.

Mkutano mkuu wa mtaa unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi miwili. Kama mwenyekiti hapokei simu, andikeni kwa mtendaji, nakala kwa diwani, mkiomba mkutano na ajenda moja tu: uwanja. Barua iwe na sahihi za wakazi, na juu ya karatasi ya sahihi kichwa kiandikwe wazi kwamba ni ya kuomba mkutano, ile habari niliyomwambia mama wa Magomeni. Mkikwama, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini mwende na mwanasheria, na mwende mapema kabla nguzo hazijasimama, maana jengo likishapanda hata anayewaonea huruma atawaambia mmechelewa.

Wako watu wenye michoro ya zamani majumbani bila kujua. Ulizeni waliohamia mwanzo kama wana nakala ya ofa zao, yaani barua walizopewa viwanja, kwa sababu mara nyingi mchoro mdogo wa kiwanja umeambatanishwa nyuma, na pembeni yake unaonekana uwanja. Mkiupata, nitumieni picha yake ya simu kupitia gazeti hili, pamoja na namba ya mchoro mtakayopewa manispaa. Nitausoma na kuwaandikia mistari ile ina maana gani, toleo lijalo, au kabla ya hapo kama wameanza kuchimba.